Washa, Bomba na Mpira: Istilahi za Kurashia Kioo cha Gari

Miongoni mwa maandishi yanayomfikia mfasiri wa idarani mara kwa mara ni miongozo ya utunzaji wa magari. Mtu asiyeizoea kazi hiyo hudhani kwamba taabu kubwa itakuwa katika injini au giaboksi. Sivyo. Sehemu hizo kubwa zimekwisha kupewa majina na mafundi wenyewe, na majina hayo yamekwisha kukaa: pistoni, klachi, kabureta, plagi. Taabu imo katika vitu vidogo ambavyo fundi huvishika bila haja ya kuvitaja, kwa kuwa msaidizi wake yu kando yake na anaviona. Mfasiri hana mtu wa kumwonyesha kwa kidole. Ana karatasi tu.

Makala haya yanachukua kitu kimoja cha namna hiyo, nacho ni ule mtambo mdogo unaorusha maji kwenye kioo cha mbele cha gari ili waipa ipate kukipangusa. Tutautazama katika Land Rover za zamani, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba gari hilo, lililoonyeshwa kwa umma mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, limetumika sana katika nchi zetu, wilayani, misheni, mashambani na katika hifadhi za wanyama, na zipo Land Rover za Toleo la Pili (lililoanza 1958) na la Tatu (1971 hadi 1985) ambazo hadi leo zinapanda milima. Ya pili ni kwamba mtambo wake wa maji haukupata kuwa na sifa njema. Land Rover za mwanzo zilitoka kiwandani bila mtambo huo kabisa, na katika nyingi zilizofuata maji huchuruzika kwa unyonge badala ya kuruka. Mwenye gari hana budi kuuboresha.

Hapo ndipo suala la istilahi linapoanza. Kitu kinapofanya kazi yake vema, jina moja la jumla latosha. Kinapofunguliwa ili kiboreshwe, kila sehemu inayoweza kubadilishwa peke yake yataka jina la peke yake. Pasipo majina hayo fundi hubadilisha kile ambacho hakikuwa na ubovu, na mtunza ghala hutoa kisichoagizwa.

Jina la mtambo wenyewe

Mfasiri mwenye haraka huliandika neno la Kiingereza kama linavyosikika, akapata "washa". Lakini nyumba hiyo ina wapangaji watatu tayari. Kuna kitenzi washa, cha moto, taa na injini. Kuna kitenzi washa cha upupu. Na kuna nomino washa, ile pete bapa ya chuma itiwayo chini ya nati, ambayo mafundi wetu wameitumia kwa miaka mingi na ambayo hatuna sababu ya kuwanyang'anya. Tumwongeze mpangaji wa nne, nasi tutapata maagizo kama haya: "Kabla ya kuwasha gari, washa washa uone kama washa inafanya kazi." Dereva atacheka, kisha atafunga kitabu.

Hasara yenyewe haiishii katika kicheko. Hati ya kuagiza vipuri yenye maneno "washa 2 za Land Rover" itamfanya mtunza ghala atoe pete mbili za chuma, naye atakuwa amefanya kazi yake sawasawa. Gari litarudi barabarani jinsi lilivyokuja. Yafaa ikumbukwe kwamba Kiingereza nacho hutumia neno lilo hilo kwa pete ya nati na kwa mtambo wa maji, ila hutanguliza neno la kioo ili kutenganisha. Sisi katika kukopa tuliacha lile neno la kutenganisha tukachukua lile la kuchanganya.

Wako wanaopendekeza "kioshakioo". Neno hili lina uzuri wa kueleweka mara moja, na sitagombana na mwalimu anayelitumia darasani. Kasoro yake ni kwamba halisemi kweli yote. Mtambo huu hauoshi. Unarusha maji tu, na kinachoosha ni waipa ikipita juu ya maji hayo. Tofauti hii si ya upuuzi. Dereva anayewasha waipa juu ya vumbi kavu hukwaruza kioo, kwa kuwa chembe za mchanga huburutwa na mpira wa waipa kama msasa. Mwongozo mzuri humwambia atangulize maji, kisha waipa. Yaani vitendo viwili, na kwa hiyo vifaa viwili.

Neno jingine linalotajwa ni "kinyunyizio". Hili limekwisha kuajiriwa na Wizara za Kilimo kwa vyombo vya kunyunyizia dawa na maji ya mashamba. Katika idara yenye magari na mashamba pamoja, kama zilivyo nyingi, litarudisha mchanganyiko uleule tunaoukimbia.

Pendekezo letu ni kirashio. Kitenzi rasha, na rashia, ni cha Kiswahili cha siku nyingi. Mvua ya rasharasha yaijua kila mtu. Tena pwani kipo chombo kiitwacho mrashi, chenye tumbo, shingo ndefu na kichwa chenye matundu, ambacho katika maulidi na harusi hutumika kuwarashia watu marashi. Msomaji aliyewahi kukishika atatambua kwamba chombo hicho kina sehemu zilezile za mtambo wa gari: mahali pa kuwekea maji, njia ya kupitia, na tundu la kutokea. Kilichoongezwa na kiwanda ni pampu. Na kirashio kina faida ya sarufi ambayo washa haina: chazaa. Twaweza kusema "rashia kioo", "kioo kimerashiwa", "maji ya kurashia". Istilahi isiyoweza kupata kitenzi humlazimisha mfasiri kuzunguka kila anapotaka kuagiza jambo lifanyike.

Njia ya maji

Njia bora ya kuvipa majina vilivyobaki ni kuyafuata maji tangu yanapowekwa hadi yanapogonga kioo. Hapo hapana haja ya kwenda na orodha ya Kiingereza, ambayo imepangwa kwa alfabeti na haisemi kipi kinamfuata kipi.

Maji hukaa katika chupa ya plastiki ndani ya boneti. Wengine huiita tangi, lakini tangi katika gari ni la petroli au dizeli, na hakuna anayetaka dereva achanganye hayo mawili. Chupa na ibaki chupa.

Kutoka kwenye chupa maji husukumwa na pampu, na hapa lazima tusimame kidogo kwa ajili ya neno bomba. Neno hili tulilipata kwa Wareno likiwa na maana ya chombo cha kusukuma au kuvuta maji. Kwa muda mrefu sasa limekuwa pia ni ule mfereji wa chuma wenyewe, na mahali pa kuteka maji, na sindano ya daktari, na huko mitaani sifa ya kila kilicho kizuri. Agizo "safisha bomba" ndani ya mwongozo wa gari halimwambii mtu kitu. Kwa sababu hiyo, ingawa bomba ni neno kongwe zaidi, katika fani hii tunaona pampu iachiwe kazi ya kusukuma, na bomba liachwe nje kabisa.

Katika magari ya Kiingereza ya zamani pampu yenyewe ilikuwa ya mkono: kitufe katika dashibodi ambacho dereva alikibonyeza mara kadhaa. Maboresho yanayofanywa zaidi ni kuitoa hiyo, au ile dhaifu ya umeme, na kuweka chupa ya gari la baadaye yenye pampu iliyochomekwa chini ya kitako chake. Mahali ilipo pampu ni jambo kubwa. Pampu hizi ndogo hazina nguvu ya kuvuta hewa. Zikiwa juu ya maji husaga hewa bure, na zikiwa chini ya maji hujazwa na uzito wa maji yenyewe. Mfasiri akikutana na agizo kwamba pampu iwe chini ya usawa wa maji, asilipunguze kuwa "iwe karibu na chupa".

Umeme wa pampu una mitego miwili. Bodi la Land Rover kwa sehemu kubwa ni la aloi ya alumini, na fremu na baadhi ya viungo ni chuma; palipokutana metali hizo mbili kutu hula, na umeme unaorudi kwenye betri kwa njia ya bodi hupata kizuizi. Chukua pampu inayotumia amperi 4. Kizuizi cha nusu omu tu katika njia ya kurudi kitakula volti 2 kati ya 12, na mruko wa maji utalegea hata kama pampu ni mpya. Dawa ni waya wa peke yake kutoka kwenye pampu hadi kwenye betri au mahali safi pa fremu. Waya huo Kiingereza huuita kwa neno la udongo, na ukifasiriwa "waya wa ardhi" mtu asiye fundi aweza kabisa kutafuta mahali pa kuufukia. Tunaonelea uitwe waya wa bodi, maana hapo ndipo unapofungwa.

Mtego wa pili ni kwamba nyingi za Land Rover zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zimefungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo yanayofungwa ncha hasi. Pampu ya gari la kisasa ikiunganishwa humo bila kutazama, mota yake huzunguka kinyumenyume, na maji hutoka kidogo au yasitoke. Kuzigeuza nyaya mbili za pampu kwatosha. Fundi anayefuata kitabu kilichofasiriwa kwa magari mapya hataliona jambo hili mpaka aambiwe. Kwa hiyo chanya na hasi ni maneno yasiyoweza kuachwa kwa kisingizio cha kurahisisha.

Toka kwenye pampu maji hupita katika kile ambacho kila mtu hukiita mpira. Sasa tazama agizo hili: "Ikiwa maji hayatoshi, badilisha mpira." Upi? Waipa ina mpira. Gurudumu ni mpira. Pale pampu inapoingia kwenye kitako cha chupa pana pete ya mpira. Na hiki kinachopeleka maji nacho ni mpira, ingawa siku hizi mara nyingi ni plastiki. Hapa Kiswahili kina neno tayari, nalo ni mrija, ambalo linajulikana kwa wanywaji wa pombe ya asili na kwa wanafunzi wa elimu ya viumbe vilevile. Neli nayo ingefaa, ila tungependa ibakie kwa vile vilivyo vigumu visivyokunjika. Mrija wa zamani hukauka kwa joto la injini, ukawa mgumu na kupasuka kwenye maungio, na maji huvujia ndani ya boneti pasipo dereva kujua. Kuubadilisha ni boresho la bei ndogo kuliko yote, nalo lafaa litangulie kununua pampu.

Vali ya njia moja

Sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya niandike, kwa kuwa ndiyo inayorukwa mara nyingi katika tafsiri. Mrija hupanda kutoka kwenye chupa hadi chini ya kioo. Dereva akiachia swichi, maji yaliyomo mrijani hurudi chini kwa uzito wake. Akibonyeza tena, pampu yabidi ijaze mrija wote upya kabla ya tone la kwanza kufika kiooni, na katika Land Rover ya zamani kazi hiyo huweza kuchukua sekunde mbili tatu.

Sekunde tatu zina maana gani? Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Katika sekunde tatu limekwenda mita 50. Wakati wa masika lori likipishana nawe na kukumwagia tope kioo kizima, hizo ni mita 50 za kwenda bila kuona, na mara nyingi waipa imekwisha kulipaka tope hilo kavu kutoka ukingo hadi ukingo.

Dawa ni kijivali kidogo kinachowekwa katika mrija, kinachoruhusu maji kwenda mbele na kuyazuia yasirudi. Mrija hubaki umejaa, na maji huruka mara swichi inapobonyezwa. Mfasiri akiandika "vali" peke yake, msomaji hatajua ni kwa nini kiwepo, na akikikosa dukani ataunganisha mrija moja kwa moja akidhani hakuna kilichopungua. Jina lazima libebe kazi. Yamependekezwa "kizuiarudi" na "vali isiyorejesha". Yote mawili yana ukweli, lakini yanasema kitu kisichofanya, na kwa sikio langu ni mazito. Vali ya njia moja yaeleweka na kila dereva, maana njia moja anaijua barabarani. Tena neno hilo humkumbusha jambo la lazima: kwamba vali hii ina mwelekeo, na mshale uliochorwa juu yake uelekee kwenye kioo. Ikifungwa kinyume, maji hayatoki hata tone. Iongezwe pia kwamba vali yenye springi ngumu mno huidhoofisha pampu ndogo, kwa hiyo itafutwe nyepesi.

Kioo cha mbele cha Land Rover hizi ni vipande viwili bapa, vilivyosimama karibu wima, na kila kipande hurashiwa peke yake. Kwa hiyo mrija hugawanyika. Kiungo kinachougawanya twaweza kukiita panda, kama vile njia panda, na hapana haja ya kukibatiza kwa herufi ya Kirumi, kwani vingine vina umbo la T na vingine la Y.

Mwisho wa safari ni pale maji yanapotokea. Mafundi wengi wangesema nozeli. Lakini nozeli ni mali ya mafundi wa dizeli. Ni ile inayonyunyiza mafuta ndani ya silinda, na bei yake hailingani kabisa na ya kile kidude cha plastiki. Birika lina mdomo, na kirashio nacho kiwe na mdomo, wenye tundu moja au zaidi. Katika Kiingereza neno moja laweza kuwa mdomo huo au maji yanayoruka kutoka humo. Kiswahili kinatuwezesha kutenganisha mdomo na mruko, na mfasiri aitumie nafasi hiyo. "Mdomo umeziba" na "mruko ni dhaifu" ni maradhi mawili yenye dawa mbili.

Milango hiyo ya maji huziba kwa vumbi, na mahali penye maji ya chumvichumvi huziba kwa chokaa. Chokaa huyeyuka ikilowekwa katika siki. Uchafu mwingine hutolewa kwa waya mwembamba au kwa kupuliza kutoka nje kwenda ndani, ili urudi ulikotoka. Msumari hupanua tundu, na tundu pana hutoa maji mengi yasiyo na nguvu ya kufika. Chujio dogo kwenye mrija, au kitambaa safi wakati wa kujaza chupa, huepusha yote haya. Sabuni ya unga isitiwe, maana huganda. Katika nchi za baridi hutiwa pia spiriti ili maji yasigande kuwa barafu. Aya hiyo ya kitabu cha Ulaya yaweza kufupishwa, ingawa madereva wa Kitulo, ambako jalidi huanguka mwezi wa Juni na Julai, wangependa tusiifute.

Maboresho ya mwisho ni kuondoa mdomo wa kutoa mchirizi mmoja na kuweka mdomo wa kutandaza, ambao huyatawanya maji kwa upana. Mdomo wa mchirizi huelekezwa kwa pini, gari likiwa limesimama, kwenye sehemu ya juu ya kioo. Upepo wa mwendo huusukuma mruko chini, na ukielekezwa katikati utaishia kwenye mpira wa kioo.

Waipa hatukuigusa. Neno limeenea kila mahali, halina mpangaji mwingine, na kulitafutia badala ni kujitafutia kazi.

Kwa majaribio, hii hapa aya ya mwongozo iliyofasiriwa kwa istilahi zilizopendekezwa:

"Jaza chupa ya kirashio maji safi. Bonyeza swichi ya kirashio. Ikiwa pampu yasikika lakini maji hayaruki, chomoa mrija kwenye mdomo, kisha bonyeza tena. Maji yakitoka mrijani, mdomo umeziba. Yasipotoka, kagua panda, vali ya njia moja na chujio. Ikiwa pampu haisikiki, kagua fyuzi, kisha waya wa bodi."

Msomaji ajaribu kuiandika aya hiyo kwa washa, bomba na mpira, aone itamfikisha wapi. Liko jina moja ambalo bado halijatukalia vema, nalo ni la ile pete ya mpira iliyo kati ya pampu na kitako cha chupa, ambayo ikilegea chupa hukauka usiku mmoja. "Pete ya mpira" yaeleza umbo, lakini gari lina pete za mpira nyingi. Wasomaji walio karibu na karakana, za bara na za visiwani, wanaombwa watuarifu mafundi wao huiitaje.